ZAWADI ZA SIKUKUU: TAZAMA, SOMA, KISHA NUNUA

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

(Maneno haya ni yale yale yaliyosomwa katika redio. Mwalimu wa darasa ayasome kwanza kwa sauti, polepole. Kisha wanafunzi wayasome wenyewe, kila mtu kifungu kimoja.)

Natumaini kila mmoja ana daftari lake na kalamu yake. Kama huna kalamu, sikiliza tu. Kazi ya kuandika itakuja mwisho.

Katika somo lililopita tulisoma barua. Leo hatutasoma barua, wala hatutasoma kitabu. Leo tutasoma nguo. Usicheke. Katika pwani yetu nguo husomwa, na mtu asiyejua kuisoma aweza kupata hasara iliyo kubwa kuliko hasara ya fedha. Lakini kabla hatujaifikia nguo hiyo, natutembee kwanza madukani, maana watu wanajitayarisha kwa sikukuu.

KUTAZAMA SI DENI

Wewe mwenyewe wajua jinsi mji unavyokuwa siku chache kabla ya Idi, au kabla ya Krismasi. Unguja, Darajani na Mchangani hapapitiki. Dar es Salaam, watu hujaa Kariakoo na Mtaa wa Uhuru. Mombasa, wanawake huingia duka hili na kutoka duka lile katika Mtaa wa Biashara. Nguo hutundikwa mpaka nje ya milango. Viatu vya watoto hupangwa chini, safu kwa safu. Mwenye duka huita, "Karibu mama! Karibu mzee! Kuona ni bure!"

Je, watu wote hao wananunua? La. Wengi wao wanatazama tu. Na baadhi yetu huona haya kutazama. Mtu husema moyoni, "Nitaingiaje dukani, nami sina fedha za kutosha?" Usione haya. Wazee walisema kuwa macho hayana pazia. Tena mwenye duka mwenye akili ajua kwamba atazamaye leo ndiye anunuaye kesho. Ingia, amkia, tazama, uliza bei, sema ahsante, toka. Hukufanya kosa lolote.

Sasa nakuuliza: furaha ya kutazama yatoka wapi? Fikiri kidogo. Unaposhika kofia dukani, unakumbuka kichwa cha nani? Unamkumbuka babu yako. Unaposhika viatu vidogo, unamkumbuka mtoto wa dada yako, na unajiuliza kama mguu wake umekua. Unaponusa udi, unaikumbuka nyumba ya shangazi yako. Basi kutazama zawadi ni kuwakumbuka watu wako, mmoja mmoja. Pengine fedha zako zitatosha zawadi mbili tu. Lakini siku ile umewakumbuka watu kumi, na hilo si jambo dogo.

ANDIKA KWANZA

Mtu aingiaye sokoni bila shauri hutoka na vitu asivyovitaka. Sisi tunaojifunza kuandika tuna dawa yake, nayo ni orodha. Chukua daftari, andika jina la mtu, kisha zawadi, kisha fedha. Tuseme una shilingi 60,000. Bei hizi ni za mfano wa hesabu tu. Ukifika sokoni utauliza mwenyewe.

Mama mkwe: kanga, doti moja, 15,000
Babu: kofia, 20,000
Jirani: halua, 5,000
Watoto watatu: kila mtoto 2,000, jumla 6,000

Jumla ya zote ni 46,000. Toa katika 60,000. Zimebaki ngapi? Zimebaki 14,000. Hizo ni za nauli na za kitoweo cha sikukuu. Usiziguse dukani, hata muuzaji akikusifu namna gani.

KOFIA, HALUA NA MKONO WA IDI

Tuanze na babu. Kofia ya viua ya Unguja hushonwa kwa mkono. Ina sehemu mbili: duara ya juu, na ukanda unaozunguka kichwa. Mshonaji hutoboa vitundu vidogo vidogo, na kila kitundu hukishona ukingo wake kwa uzi. Kazi hii huchukua wiki nyingi, na kofia nzuri sana huweza kuchukua miezi. Ndiyo sababu bei yake ni kubwa kuliko ya kofia ya mashine. Unapoitazama, igeuze ndani uone mishono yake. Mwulize muuzaji imeshonwa wapi, na kwa muda gani. Hata usiponunua, utakuwa umejifunza heshima ya kazi ile.

Lakini kofia ina tabu moja: isipomwenea mtu haimfai kitu. Basi kabla ya kwenda dukani, chukua uzi, pima ukingo wa kofia yake ya zamani, ukate uzi pale unapokutana. Chukua uzi huo mfukoni. Babu hatajua kitu mpaka siku ya sikukuu.

Halua ni zawadi nzuri ya kupeleka kwa jirani. Asili yake ni Uarabuni, na watu wa Oman ni mashuhuri kwa kuipika mpaka leo. Hupikwa kwa wanga, sukari, samli na iliki, katika chungu kikubwa cha shaba, na mpishi hukoroga kwa muda mrefu bila kupumzika. Ukinunua halua, omba kuonja kwanza. Kuonja nako ni namna ya kutazama.

Kwa watoto sitasema mengi, maana wao wenyewe wajua wanachotaka. Mpe mtoto mkono wa Idi, yaani fedha kidogo za sikukuu. Atakwenda nazo kiwanjani, kama watoto wa Unguja waendavyo Mnazi Mmoja, na huko atatazama na kuchagua mwenyewe. Furaha ile ile uliyoipata wewe madukani, naye ataipata.

NGUO INAYOSEMA

Sasa tumefika kwenye nguo yetu. Hii ni kanga. Kenya wengi huiita leso.

Jina leso latoka katika lugha ya Wareno, na kwao maana yake ni kitambaa cha mkono. Katika karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua vitambaa hivyo, ambavyo vililetwa vikiwa havijakatwa. Wakakata vipande sita, wakaviunga pamoja, vitatu juu na vitatu chini, wakapata nguo moja kubwa ya kujifunga. Wafanyabiashara walipoona vile, wakaagiza nguo iliyochapwa nzima nzima. Na jina kanga, wazee husimulia kuwa latokana na yule ndege kanga mwenye madoadoa, kwa sababu nguo za kwanza zilikuwa na madoadoa kama yeye.

Kwa miaka mingi kanga zilichapwa ng'ambo, katika nchi kama Uingereza, Uholanzi, India na Ujapani. Baadaye viwanda vya Afrika Mashariki navyo vikaanza kuzichapa. Kimojawapo ni kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968.

Kanga ina sehemu tatu. Ya kwanza ni pindo, yaani mapambo yanayozunguka kingo zote nne. Ya pili ni mji, yaani sehemu ya katikati. Ya tatu ni jina, yaani maneno yaliyoandikwa karibu na pindo la chini. Kanga mbili zilizo sawa huitwa doti, na huuzwa pamoja zikiwa hazijakatwa. Mwenyewe huzikata na kuzipinda. Rafiki wawili huweza kununua doti moja wakagawana, kila mmoja akavaa kanga yake, na watu wakiwaona wajua kuwa hao ni rafiki.

Maneno hayakuwako tangu mwanzo. Yaliongezwa mwanzoni mwa karne ya 20. Kwanza yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa herufi za Kirumi, yaani hizi hizi unazojifunza wewe. Mombasa liko duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza mwaka 1887, na kanga zake hujulikana kwa alama ya "K.H.E. Mali ya Abdulla". Alama hiyo si jina la kanga. Jina la kanga ni yale maneno yenye ujumbe. Usije ukayachanganya.

KISA CHA BWANA MMOJA

Sikiliza sasa kisa hiki. Alikuwako bwana mmoja, jirani yangu wa zamani, fundi seremala. Jina lake silitaji. Alikuwa amegombana na mama mkwe wake kwa muda mrefu, na mwaka ule wazee waliwapatanisha. Bwana yule akafurahi sana. Akasema, "Idi hii nitampelekea mama zawadi ya kanga, ajue kuwa moyo wangu ni mweupe."

Usiku wa kuamkia Idi akaenda dukani mbio mbio. Watu walikuwa wengi. Hakupata nafasi ya kutazama. Akaona kanga ya rangi ya manjano, yenye mapambo ya korosho, nzuri kweli kweli. Akalipa, akafungiwa, akaondoka.

Asubuhi akaenda kwa mama mkwe na mkewe na watoto. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, karibu." Akatoa zawadi kwa mikono miwili. Mama akaikunjua, akaisifu rangi yake. Mjukuu mmoja alikuwa darasa la tatu. Akaisogelea kanga, akasoma kwa sauti kubwa, kama watoto wasomavyo: "KIKULACHO KI NGUONI MWAKO."

Chumba kizima kikanyamaza. Kila mtu alijua maana yake: anayekudhuru ni mtu wako wa karibu. Mama akaikunja kanga polepole. Akasema, "Ahsante, mwanangu," akaiweka kando. Mkewe akainamisha kichwa, akalia.

Sasa nawe wauliza: kwa nini bwana yule hakusema kuwa hajui kusoma? Angalisema, neno lingalikwisha pale pale. Lakini aliona haya. Aliona heri adhaniwe kuwa ametukana kusudi, kuliko kujulikana kuwa hajui herufi. Basi akanyamaza. Mwaka mzima nyumba mbili zile zilisalimiana kwa ulimi tu.

Mwaka ule ule akaingia darasa la kisomo, darasa kama hili lako. Idi ya pili ilipokaribia, hakwenda dukani usiku wa mwisho. Alikwenda siku mbili nzima, mchana. Akaingia duka baada ya duka, akaomba akunjuliwe kanga moja baada ya moja, akasoma kila jina kwa kidole. Alinieleza kuwa hajapata kufurahi dukani kama siku zile mbili. Alisema, "Zamani niliona rangi tu. Sasa kila nguo inanisemesha." Mwisho akachagua kanga yenye maneno haya: "NANI KAMA MAMA."

Akaenda nayo kwa mama mkwe. Akasema, "Mama, mwaka jana nilikuletea kanga bila kujua maneno yake. Sikujua kusoma. Nisamehe." Mama akamtazama sana, kisha akasema, "Mwanangu, hata mimi sijui. Mimi nami nilisomewa na mtoto. Basi hii nisomee wewe." Bwana yule akaitandaza kanga mkekani, akaweka kidole chini ya kila neno, akamsomea. Mama akamwambia asome tena.

NAMNA YA KUCHAGUA KANGA

Sasa shika mambo haya manne.

Kwanza, ikunjue. Kanga ikikunjwa dukani jina lake hufichika. Mwambie muuzaji kwa adabu, "Ndugu yangu, tafadhali nikunjulie nione jina." Wauzaji wamezoea ombi hilo. Yeye aweza kukutajia jina, lakini hakikisha kwa macho yako.

Pili, soma mara mbili. Maneno ya kanga mara nyingi huandikwa kwa herufi kubwa tupu, bila nukta wala mkato. Kwa hiyo soma kwanza neno moja moja, kisha soma yote pamoja upate maana.

Tatu, jiulize nani atapewa, na nani atasoma. "WEMA HAUOZI" yafaa kumpa mtu aliyekutendea jema. "AKUFAAYE KWA DHIKI NDIYE RAFIKI" yafaa kumpa rafiki aliyekuuguza, au aliyekukopesha ulipokuwa huna kitu. "JAPO SIPATI TAMAA SIKATI" yahitaji fikira. Mwanamke mwenye kutafuta riziki aweza kuivaa, maana yake asikate tamaa. Lakini bwana akimpa mke wa mtu, patazuka maneno mengine! Na zile zenye mafumbo, kama "MDHANIAYE SIYE KUMBE NDIYE", ziache dukani mpaka ujue vizuri unamwambia nani, na kwa nini. Kama hutaki kusema neno lolote, iko kanga ya kisutu, yenye rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe. Hiyo hutumika sana katika arusi, na mara nyingi haina jina.

Nne, tazama nguo yenyewe. Ishike uone kama ni pamba tupu au imechanganywa. Pamba hunywa jasho, nayo yafaa katika joto letu. Tazama kama pindo limechapwa sawasawa pande zote, na kama kanga zote mbili za doti ni kamili, bila doa wala tundu. Kisha uliza bei. Kisha omba upunguziwe. Kama bei haikufai, sema ahsante uende duka la pili. Kesho waweza kurudi.

Siku hizi wako watu wauzao kanga kwa picha za simu. Picha ni nzuri kwa kutazama, nawe waweza kutazama ukiwa umeketi kwako. Lakini usinunue mpaka jina limeonyeshwa wazi na wewe umelisoma. Kama halionekani, mwandikie muuzaji: "Tafadhali nionyeshe jina la kanga." Kuandika maneno hayo unaweza sasa.

Wanafunzi wetu, msingoje usiku wa mwisho. Nendeni mapema, mchana, mkatazame. Chukueni orodha yenu. Na kama fedha ni chache, au hamna kabisa, nendeni vile vile mkasome kanga zilizotundikwa. Kila duka la kanga ni ukurasa wa kusoma bila malipo.

MANENO YA KUKUMBUKA

Orodha: maandiko ya majina au vitu, kimoja chini ya kingine.
Doti: kanga mbili zilizo sawa, zinazouzwa pamoja.
Pindo: mapambo ya kingo za kanga.
Mji: sehemu ya katikati ya kanga.
Jina: maneno yenye ujumbe yaliyoandikwa kwenye kanga.
Fumbo: maneno yenye maana iliyofichwa.

MASWALI

1. Kanga ina sehemu ngapi? Zitaje.
2. Kwa nini kofia ya viua ina bei kubwa kuliko kofia ya mashine?
3. Bwana wa kisa chetu alifanya makosa mawili: moja dukani, na moja nyumbani kwa mama mkwe. Ni yapi?
4. Mama mkwe alijuaje maneno ya kanga ya kwanza?
5. Una shilingi 40,000. Umenunua doti moja kwa 15,000, na halua kwa 5,000. Una watoto wanne, na kila mmoja umempa 2,000. Zimebaki ngapi?

KAZI YA NYUMBANI

Tazama kanga tatu, za nyumbani kwako au za jirani. Andika majina yake katika daftari lako, kwa herufi nzuri. Chini ya kila jina andika: ningempa nani, na kwa nini. Lete daftari darasani, msomeane.

Somo letu limekwisha. Jasho la kujifunza halipotei. Kwaherini, mabibi na mabwana, na sikukuu yenu iwe ya heri.